Saa Kumi ya Mwalimu

Mwalimu hakupenda kuulizwa aliachaje pombe. Waliomuuliza aliwauliza na yeye kama wameshalisha mifugo yao. Mara moja tu alikubali kusimama mbele ya watu, baada ya paroko kumbembeleza tangu Kwaresima hadi Pentekoste, na siku hiyo ukumbi wa parokia ulijaa. Akina mama walikuwa wamewavuta waume zao, wengine bado wananuka mbege, pombe yetu ya ndizi, waliyokunywa jana. Mwalimu akapanda jukwaani, suruali imepigwa pasi imesimama kama ubao, akakohoa, akaanza kueleza habari za kupe. Alieleza kupe wanavyojificha chini ya mkia wa ng'ombe na ndani ya masikio, dawa ya kuogesha inavyochanganywa, na kwa nini ng'ombe wa kisasa hufa upesi kuliko wale wa babu zetu. Alipomaliza akashuka, akaketi. Paroko alibaki anatazama dari. Mama yangu aliniambia baadaye kwamba hakuna mwanamume aliyeacha pombe siku ile, ila mmoja alikwenda nyumbani akaogesha ng'ombe wake.

Nilimjua kwa njia mbili. Alinifundisha darasa la nne, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, na kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo, pale Kibosho kilipakana na chetu. Kati yetu palikuwa na mfereji wa maji na mstari wa mimea ya masale ya kuonyesha mpaka. Kwa hiyo asubuhi nilimwona akiwa mwalimu, jioni nilimwona akiwa jirani, na kwa miaka mingi hao walikuwa watu wawili.

Yule wa asubuhi alikuwa nadhifu. Kucha fupi, mwandiko mzuri kiasi kwamba wakaguzi walipokuja walisimama kwanza kuutazama ubao. Lakini alikuwa amechoka. Alifundisha darasa la nne tangu sijazaliwa. Aliwahi kuomba kwenda chuo kujiendeleza, akakosa. Aliwahi kuutazamia ualimu mkuu, ukaenda kwa kijana aliyemfundisha mwenyewe kusoma. Baada ya hapo hakuomba tena kitu. Masomo yake aliyajua kwa moyo, pamoja na vichekesho vyake. Kaka yangu Valeriani, aliyenitangulia shuleni, alinisimulia mapema kichekesho cha nyani aliyegawa ndizi kwa shoka, ambacho Mwalimu hukitoa akifika kwenye hesabu za sehemu. Na kweli, tulipofika kwenye sehemu, nyani akaja na shoka lake. Tulicheka kwa sababu alisimama akisubiri tucheke.

Yule wa jioni alianza saa kumi. Alifuta ubao, akafunga kabati, akashika njia ya kwa Mama Kilabu. Mama Kilabu alikuwa mjane mnene mwenye sauti nzito, mpishi wa mbege nzuri kuliko zote upande wetu wa mlima, na jina lake la ubatizo hakuna aliyelitumia. Kilabuni kwake Mwalimu alikuwa na benchi lake na kata yake ya kunywea, hakuna mwingine aliyeigusa. Akishakunywa alikuwa mtu wa kupendeza sana. Aliwaigiza wakaguzi, akamwigiza paroko, akaigiza mabibi wawili wanaogombea maji ya mfereji, mpaka watu wakawa wanakwenda kwa Mama Kilabu kumsikiliza yeye. Alirudi akiimba. Hakumpiga mkewe, hilo niliseme, wala hakuuza shamba. Alikuwa hayupo tu. Binti yao wa pekee, Resti, alinizidi miaka michache, na aliwahi kuniambia kwamba akitaka kumwonyesha baba yake kitu humvizia asubuhi anaponyoa ndevu.

Siku moja ya mvua Mwalimu alianguka njiani akashindwa kuinuka. Wavulana wa darasa la saba wakakata majani ya migomba, wakamlaza juu yake, wakambeba mpaka nyumbani, na sisi wadogo tukafuata nyuma. Mimi nilibeba kiatu. Njia nzima wale wavulana waliimba jedwali la saba, kwa sauti ileile aliyotufundishia. Kesho yake aliingia darasani, akaandika tarehe, akageuka.

"Jana mlinibeba vizuri," akasema. "Asanteni. Nani alikuwa na kiatu?"

Nikanyoosha mkono.

"Ulikiweka wapi?"

"Mlangoni, Mwalimu."

"Haya. Fungueni madaftari."

Wengi pale kwetu husema siku hiyo ndiyo iliyombadilisha. Mimi pia niliamini hivyo mpaka nilipokuwa mtu mzima, nikamuuliza. Alinitazama kama mwanafunzi aliyeruka swali.

"Aibu? Aibu ndiyo iliyonimaliza kabisa. Ile aibu ningekaa nayo vipi bila kunywa?"

Na ni kweli alikunywa karibu mwaka mzima baada ya hapo, tena zaidi kuliko mwanzo.

Kilichokuja ni ng'ombe. Parokia ilikuwa inagawa mitamba ya maziwa: unapewa mmoja, ukishapata ndama jike wa kwanza unampeleka kwa familia nyingine. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, watu wakawa wanatafuta kitu kingine cha kushika. Mkewe, Mama Resti, aliomba mtamba kwa jina lake mwenyewe bila kumshirikisha mumewe, akasimamisha banda akisaidiwa na kaka zake. Ng'ombe hawa hawatoki nje; chakula wanaletewa. Na kwetu kukata majani ni kazi ya wanawake. Wanashuka tambarare mchana, wanapanda jioni na mizigo kichwani. Mtamba akazaa ndama dume, akaanza kutoa maziwa, na Mama Resti akawa anashuka na kupanda mlima kila siku, mvua na jua.

Masika yalipokolea aliteleza na mzigo wake, akavunjika mguu. Wakamshusha mjini, akalazwa hospitali. Resti alikuwa shule ya bweni. Nyumbani wakabaki Mwalimu na ng'ombe.

"Siku ya kwanza," alinisimulia, "nilitoka shule nikaenda zangu kwa Mama Kilabu. Ng'ombe akalia. Kutoka kwangu mpaka kule ni mbali, lakini alilia watu wakasikia. Mama Kilabu akaniambia, Mwalimu, mke mdogo anakuita. Wakacheka. Nikaenda nikamtupia majani ya mgomba, nikarudi kunywa. Kesho yake akalia tena. Keshokutwa nikaona heri nimlishe kwanza ili ninywe kwa amani. Sasa ukishamlisha, kuna kukamua. Ukishakamua, kuna kuchuja na kuosha vyombo. Ukimaliza kuosha umechoka, na kule kilabuni wamebaki wale wa kugombana."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Unataka nikuongezee malaika?"

Majani ya mgomba hayakutosha, maziwa yakapungua. Ndipo alipoamua kushuka tambarare. Mama yangu alikuwa katika kundi lile la wanawake, na habari hii aliisimulia mara nyingi, kila mara akisimama kuigiza. Walimwona Mwalimu anakuja nyuma yao na panga na kamba, suruali ya pasi, viatu vya shule.

"Mwalimu, umepotea?" mama akamuuliza.

"Sijapotea. Nakwenda kukata majani."

"Na suruali hiyo?"

"Ndiyo niliyo nayo."

Walicheka mpaka darajani. Kule chini alikata majani kwa uangalifu, akayapanga kama vitabu, akayafunga, akauweka mzigo begani. Ulidumu mpaka kwenye mwinuko wa kwanza, ukaangukia mtaroni. Akaukusanya. Ukaanguka tena. Mwishoni alisimama mbele ya mama yangu akasema, "Mama Valeriani, nifundishe kusokota ngata." Mama akamsokotea ngata ya majani makavu, akamwekea kichwani, wakamtwika. Wanaume waliokutana naye njiani walimwamkia "Mama Mwalimu". Aliwaitikia wote, akiwa amenyoosha shingo kwa sababu hakuweza kugeuka.

Alishuka siku iliyofuata, na nyingine. Wanawake wakazoea. Mama alisema jambo la ajabu halikuwa kuja kwake, ila kwamba njia nzima hakuwa na kichekesho hata kimoja. Alikuwa anauliza tu: hili jani ng'ombe analipenda? Lile linamletea gesi?

Mama Resti aliporudi kutoka hospitali, mguu ukiwa kwenye plasta, aliikuta ndoo ya maziwa imefunikwa kitambaa safi na mumewe yuko bandani anazoa samadi. Hakusema kitu. Alimwambia mama yangu kwamba aliogopa akisema neno atamwamsha.

Ningependa niishie hapo, lakini Krismasi ilifika. Kwetu Krismasi mlima mzima unajaa. Watu wanapanda kutoka Dar es Salaam na Arusha, kila nyumba inachinja, kila nyumba ina pipa la mbege. Mwalimu alipewa kata na shemeji yake kutoka Dar, akainywa akiwa amesimama, na hakurudi kuwa mzima mpaka Mwaka Mpya ulipopita. Mguu wa Mama Resti ulikuwa bado dhaifu. Ng'ombe alikamuliwa nusunusu, siku nyingine hakukamuliwa, kiwele kikavimba kikawa cha moto. Bwana mifugo alipokuja alitikisa kichwa kabla hata ya kufungua mkoba wake. Alimchoma sindano, akasema tusubiri. Mwalimu akakaa bandani juu ya debe, akikanda kiwele kwa maji ya uvuguvugu, mchana kutwa. Nilikwenda kuwapelekea ndizi nikamwona. Sikumwona analia. Kila akimgusa ng'ombe, ng'ombe alimpiga teke, naye anarudi palepale.

Ng'ombe alipona, ila chuchu moja ilikufa.

"Mara ya kwanza niliacha bila kujua," aliniambia. "Kitu ulichofanya bila kujua huwezi kukishika. Mara ya pili ilibidi nikae chini, nifikiri kama mtu anayepanga ratiba ya shule."

Akaanza na njia. Kutoka shule hakupita tena barabara kubwa. Alipita juu, kandokando ya mfereji, njia ndefu yenye tope na upupu. Kisha akaenda kwa Mama Kilabu asubuhi, kilabu kikiwa kimefungwa, akaomba kata yake. Mama Kilabu alimpa akidhani anataka kuinywea nyumbani. Mwalimu akaifanya kipimo cha pumba za ng'ombe. Akawaambia ndugu zake kwamba kwenye arusi na misiba yeye atapewa chai, na asiyeweza kumpa chai asimwalike. Ilikuwa kauli nzito kwetu, maana mtu anayekataa kata ya mbege ni kama anakataa mkono wako. Baadhi walikasirika, na mmoja hakumwalika kweli. Chai akainywa kupita kiasi, ya sukari nyingi, mpaka Mama Resti akawa anaificha sukari kwenye pipa la mahindi.

Jambo la mwisho ndilo lililotushangaza wanafunzi wake wa zamani. Alikwenda kwa mwalimu mkuu, yule kijana aliyempita cheo, akamwomba amwondoe darasa la nne. Alitaka sayansi, darasa la sita na la saba. Hakuwahi kufundisha sayansi. Alianza upya, akisoma kitabu cha wanafunzi usiku mmoja kabla yao, akikosea ubaoni na kufuta kwa kiganja. Nyani wa shoka akastaafu.

Sasa niseme na upande wa pili, maana nimesikia watu wakimfanya mtakatifu. Mwalimu asiyekunywa alikuwa mtu mgumu. Alipokuwa mlevi alitusahau. Alipokuwa mzima alituona, na alichokiona hakikumpendeza. Fimbo yake iliongezeka. Waliosoma baada yangu wanamkumbuka kwa hofu, na wakisikia mimi namsimulia vizuri wananiuliza kama tunazungumza juu ya mtu mmoja. Walevi hakuwahurumia hata kidogo. Alikuwa anawapita kama hakuwahi kulala mtaroni. Na nyumbani je? Siku moja Mama Resti alikuja kwetu kuomba moto, akakaa jikoni na mama yangu.

"Mama Valeriani, nisikufiche," akasema. "Namshukuru Mungu. Lakini yule mlevi alikuwa ananichekesha."

"Na huyu?"

"Huyu ananisahihishia mtori."

Wakacheka mpaka Mama Resti akafuta macho kwa kitenge. Kisha akachukua moto wake akaenda, kwa sababu saa ya kukamua ilikuwa imefika na Mwalimu hakupenda ichelewe.

Mama Kilabu alimchukia waziwazi. Mwalimu alipoondoka, vichekesho viliondoka naye, na baada ya vichekesho wakaondoka wateja. Tena ulikuwa wakati ambao maduka ya barabarani yalianza kujaa bia za chupa kutoka kila mahali, na vijana wakaona mbege ni ya wazee. Alikuwa na watoto wanne shuleni, na serikali ilikuwa imeanza tena kudai karo. Akikutana na Mwalimu njiani alitema mate pembeni. Mwalimu alimwamkia kila mara, hakuitikiwa.

Hatimaye ng'ombe akazaa ndama jike, yule wa kupeleka kwa familia nyingine. Kamati ya parokia ikamwita Mwalimu na mkewe wapendekeze jina. Mama Resti akamwangalia mumewe, na Mwalimu akamtaja Mama Kilabu. Wazee wa kamati wakapandisha sauti. Ndama wa kanisa kwa mpika pombe?

"Mlisema familia yenye shida, inayoweza kutunza ng'ombe," Mwalimu akajibu. "Hamkusema isiwe na mtungi."

"Lakini wewe mwenyewe, Mwalimu! Kwake ndiko ulikoharibikia."

"Hakunishika mkono kunileta. Nilikwenda kwa miguu yangu, na alinilaza kwake mvua ikinyesha." Akanyanyuka. "Mimi ndiye ninayempeleka ndama. Ninyi andikeni mnachotaka."

Alimpeleka kwa kamba, na mkononi akiwa ameshika jani la isale, ambalo kwetu mtu humshikia mwenzake akitaka suluhu. Mama Kilabu alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Nimekukosea nini mpaka uniletee isale?" akamuuliza. "Wewe ndiye uliyeondoka."

"Ndiyo maana nimelileta mimi."

Alilichukua jani. Ndama akamchukua pia, ila hakuacha kupika mbege, na wale waliotazamia aache walisubiri bure. Machicha ya mbege alimlishia ng'ombe, na ng'ombe akanawiri kuliko mama yake. Jambo hilo lilimuudhi Mwalimu kwa miaka.

Mimi mwenyewe nilimhitaji mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa karani katika kiwanda kimoja mjini. Kikapata mwekezaji, na wengi wetu tukapunguzwa. Nilirudi Kibosho kwa mama, nikasema napumzika kidogo. Nikapumzika mpaka kahawa ikachanua, ikakomaa, ikachumwa. Nililala mchana. Mama alinipikia, alinung'unika, alisali, akachoka, na siku moja akavuka mfereji.

Mwalimu alikuja akasimama mlangoni mwa chumba changu bila kuingia.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema, nikijivuta kuketi.

"Marahaba. Mama yako anasema unalala."

"Napumzika."

"Saa gani ndiyo mbaya?"

Sikumwelewa.

"Kila mtu ana saa yake," akasema. "Yangu ilikuwa saa kumi. Saa nyingine zote nilikuwa mtu wa kawaida. Yako?"

Nilitaka kumwambia sijui. Lakini nilikuwa naijua. "Asubuhi," nikasema. "Watu wakipita kwenda kazini. Nasikia viatu vyao."

"Basi kesho viatu vikipita uwe kwangu. Kuna maziwa ya kushusha mjini na mimi niko shule."

"Mwalimu, mimi ni karani. Nilisomea."

"Mimi pia nilisomea," akasema, akaondoka.

Nilikwenda, kwa sababu nilimwogopa. Nilishusha maziwa yake mjini kwa familia moja ya Kihindi iliyotengeneza peremende za maziwa na samli nyuma ya duka lao. Bibi wa nyumba ile alinusa kila chombo, akachovya kidole, akanitazama usoni, na asipotabasamu nilijua nirudi nayo. Siku nyingine nilichelewa. Siku nyingine nikirudi nililala tena mpaka jioni, na niliposema kwa Mwalimu kwamba haisaidii, alisema hakuniuliza kama inasaidia. Aliniuliza kama bibi ameyapokea. Baada ya muda nilianza kuchukua na maziwa ya majirani. Baada ya muda mwingine nikapata kibanda karibu na hospitali, nikawa nauza maziwa ya moto na chai kwa waliokuja kuona wagonjwa. Ninacho mpaka leo, ingawa sasa ni duka lenye mlango.

Kwa hiyo mimi sina haki ya kumhukumu kwa jambo la Resti. Lakini nitalisema.

Resti alisomea uuguzi, akapangiwa Mwanza, akapata mchumba huko. Arusi ikapangwa. Mwalimu alikuwa na miezi mingi ya kujiandaa, ila ng'ombe alikuwa na mimba na siku zake ziligongana na za arusi.

"Nani atamzalisha?" akauliza.

Mama yangu akajitolea. Bwana mifugo akajitolea. Mama Kilabu alituma mtu kusema atakuja kulala bandani. Mwalimu akawakatalia wote. Mama Resti akasafiri na kaka yake, na mjomba ndiye aliyemshika Resti mkono kanisani. Ng'ombe alizaa salama wiki moja baadaye, peke yake, Mwalimu akiwa shule.

Mama Resti aliporudi hakufoka. Alisimama tu kwenye mlango wa banda, nikasikia kutoka upande wetu wa mfereji.

"Baba Resti, ulitoka kwa Mama Kilabu ukahamia humu. Kwa mtoto naona ni palepale."

Jioni ile Mwalimu alikamua kama kawaida. Lakini Resti hakuja Krismasi iliyofuata, wala zilizofuata. Alituma salamu kwa mama yake tu. Akazaa mtoto, akazaa mwingine, picha zikaja, Mwalimu akazitazama akiwa amesimama na kuzirudisha kwenye bahasha. Watu tulidhani hajali. Mimi nadhani alikuwa anaogopa safari ile kuliko kitu chochote: mchana mrefu katika nyumba ya watu, hakuna wa kukamua, mikono mitupu, na mkwe anakuja na chupa. Hakuwa na ratiba ya huko.

Alistaafu. Miaka ikapita, ng'ombe wa kwanza akafa kwa uzee, akabaki mjukuu wake.

Mara ya mwisho kuzungumza naye kwa kirefu ilikuwa stendi ya mabasi Moshi, alfajiri, nikipita kwenda kufungua kibanda. Nilimwona amekaa juu ya begi jipya kando ya basi la Mwanza, amevaa koti la suti ambalo sikuwahi kuliona, na Mama Resti yuko kando yake anahesabu vifurushi vya ndizi.

"Shikamooni. Mnakwenda wapi?"

"Marahaba, Adela. Si unaona basi limeandikwa?" akasema Mwalimu.

"Na ng'ombe?"

Mama Resti akadakia, "Mwulize tena. Mimi nimemuuliza wiki nzima nione kama jibu litabadilika."

"Nimempa kijana wa dada yangu," Mwalimu akasema. "Na banda amelibomoa, mbao amezichukua. Nimesimama nikaona zinaondoka zote."

Nikamtazama. Uso ulikuwa wa kijivu. Viganja alikuwa amevibana katikati ya magoti.

"Mwanza watu hufanya nini jioni?" akaniuliza ghafla, kwa sauti ya chini, kama anaomba jibu la mtihani.

"Sijui, Mwalimu. Sijawahi kufika."

"Kuna ziwa," Mama Resti akasema. "Utakaa ulitazame."

"Mpaka saa ngapi?"

Utingo akaanza kuita watu, mizigo ikapandishwa juu. Simu ya mkononi ya Mama Resti ikalia ndani ya pochi. Aliitoa, akasikiliza, akampa mumewe. "Resti anakutaka wewe."

Mwalimu aliishika kama kitu kinachoweza kumwagika. Akasimama. Akavua kofia.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, tuko hapahapa, tunapanda sasa... Hapana. Hapana, sijabadilisha... Nimempa mtu. Sijamkopesha, nimempa." Kisha akasikiliza, na watu wakawa wanampita huku na huku kuingia kwenye basi. "Haya," akasema. "Haya, mama."

Alimrudishia mkewe simu, lakini mkono ulibaki umenyooshwa vilevile.

"Anasemaje?" Mama Resti akauliza.

"Anasema atakuja stendi mwenyewe kutupokea."

"Sasa wewe ulidhani nini?"

Mwalimu akavaa kofia yake, akaivua tena.

"Nilidhani angemtuma mtu," akasema.